Mikono ya Kafuri

Siku ya kwanza Kiuk-moi hakupewa mti. Alipewa patasi butu, jiwe la kunolea na ndoo ya maji, akaonyeshwa kigoda karibu na mlango, akaambiwa anoe. Fundi Tseng, mwenye karakana, alikuwa akichonga sikio la Buddha anayecheka, sikio refu la kuning'inia mpaka begani, wala hakumgeukia. Maji ya ndoo yalipogeuka kijivu ndipo alipokuja, akachukua ile patasi na kuijaribu kwenye ukucha wa gumba lake. Iliteleza.

"Hii hata tofu itaicheka," alisema. "Anza tena, shemeji."

Alimwita shemeji kwa sababu alisoma darasa moja na mumewe, Chin-hin. Ndiyo sababu pia hakumtoza kitu. Kiuk-moi angempikia chakula cha mchana na kufagia maranda, naye angemfundisha kuchonga. Mji mzima wa Sanyi unachonga. Ukipita barabara kuu ya mji ule, kila mlango una joka au jogoo au mungu aliyefunikwa gunia, na harufu ya mti wa kafuri inakufuata mpaka kituo cha treni. Ila Kiuk-moi alikuwa mchuma chai tangu usichana wake, na hakuwahi kushika patasi mpaka mwaka ule mumewe alipopoteza mkono.

Chin-hin alikuwa fundi wa msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha samani kule chini relini. Msumeno ule zamani ulikuwa na kinga ya chuma. Meneja aliamuru ing'olewe kwa kuwa ilichelewesha kazi, na wateja wa ng'ambo hawakuwa watu wa kusubiri. Asubuhi moja ya masika, maua meupe ya mlimani yakidondoka mpaka juu ya mabati ya kiwanda, msumeno ulichukua mkono wa kulia wa Chin-hin kuanzia kwenye kifundo. Wenzake waliutafuta hawakuuona. Msimamizi alisema huenda umeondoka na vipande vya taka. Kisha kiwanda kikatangaza kwamba Chin-hin alikuwa amelewa.

Tumbo la Chin-hin halipokei pombe. Siku ya harusi yake aliwapokea wageni kwa chai, na wajomba zake wakamtania mwaka mzima. Kila mtu Sanyi alilijua hilo, na waliotia sahihi kwamba alilewa walilijua pia. Alipewa kikapu cha machungwa na posho kidogo ya ulemavu, akaambiwa akapumzike. Tangu hapo alikuwa anakaa uani akitazama kuku. Alijifunza kushika vijiti kwa mkono wa kushoto, na wali ukimwagika alikuwa anauacha hapo hapo mezani.

Basi Kiuk-moi akanoa. Patasi ilipokubali kukata, fundi Tseng alimfundisha mambo ya mwanzo, huku akifanya kazi yake na kusema bila kumtazama. Mkono usioshika nyundo ukae nyuma ya ncha, kamwe usiwe mbele yake. Fuata nyuzi za mti zinakoshukia, zikikukatalia usishindane nazo, geuza kipande uje kwa upande wa pili. Ondoa kidogo kidogo, kwa maana mti ukishatoka haurudi. Na usipige kwa hasira.

"Napiga kawaida," alisema Kiuk-moi.

"Unapiga kama umemkuta mtu humo ndani."

Kiuk-moi alipunguza nguvu. Hasira haikupungua.

Mti wa wanafunzi ulikuwa ni makombo ya kafuri yanayotupwa na kile kiwanda, mkokoteni mmoja kila juma. Kazi ya kwanza ya kila anayeanza ni kijiko. Kiuk-moi alichora kijiko kwa penseli, akakata pembeni, akachimba. Alifanya kama alivyoambiwa, pale mti ulipokuwa laini alikwenda, pale ulipokuwa mgumu alisimama, na ilipofika saa ya kupika alikuwa na kidole cha shahada, kirefu, chenye pingili zilizovimba na ukucha mnene. Tseng alikipeleka mlangoni kwenye mwanga.

"Nilisema kijiko."

"Nilianza na kijiko."

Tseng akakigeuza huku na huku, akasema pingili ni nzuri ila ukucha umeingia ndani mno. Akampa kipande kingine na kumwambia achonge samaki, maana samaki ni mgumu kumharibu.

Samaki alitoka mkono. Ulikuwa mkono mzima wa kushoto, wa mtu mzima, wenye kovu la kuungua chini ya gumba. Kiuk-moi aliuweka mezani, akapangusa patasi. Ule mkono ulifumba vidole ukashika randa moja la mti, ukalitomasa, ukaliachia. Tseng alisogeza kopo la vanishi lisije likapigwa kumbo. Akasema mwanafunzi huchukua kile anachopewa na mti, kuchagua kutakuja baadaye.

Aliyeutambua alikuwa Moi-yin, muuza tofu, mwanamke ambaye hakuna nyumba asiyoijua wala habari iliyompita. Alitua mabeseni yake, akainama juu ya meza.

"Si mkono wa mzee Liong huu? Gundi ya moto ilimwagikia hapa. Mimi mwenyewe nilimpaka mafuta ya ufuta."

Kiuk-moi aliufunga kwenye kitambaa akampelekea. Mzee Liong alikuwa anawapa nguruwe chakula kwa mkono wake mmoja. Alipangusa kigutu kwenye suruali, akauweka ule mkono pale, ukashika. Alilalamika kwamba umekauka kidogo, mkewe akaleta mafuta ya karanga wakausugua. Halafu mzee akapeleka mkono mgongoni akajikuna kwa muda mrefu, macho yamefumba. Mkewe alisema vizuri, sasa atabeba ndoo mbili.

Wakati wa kumiminiwa chai ndipo mzee Liong aliposimulia. Msumeno ni ule ule. Kiwanda kiliandika kwamba aliumia nyumbani, akikata kuni. Alikatia wapi kuni, wakati jikoni kwao wanatumia gesi tangu azaliwe mtoto wa kwanza? Hakuna aliyeuliza.

Kiuk-moi alirudi karakana akaendelea kujifunza. Alitaka bata, ukatoka mkono. Alitaka boga, ambalo hata mtoto analiweza, ikatoka mikono miwili ya watu tofauti imeshikana viganja, ikabidi Tseng aitenganishe kwa msumeno mdogo, kwa uangalifu. Kiangazi chote ilikuwa hivyo. Habari zikaenea, watu wakawa wanakuja jioni baada ya kazi na kutazama juu ya meza, kama watu wanaotafuta viatu vyao mlangoni baada ya karamu. Anayeupata wake alikuwa anauvaa pale pale, anafungafunga vifungo vya shati kuujaribu, anashukuru. Waliokuwa na viungo vyao vyote walikuja pia, wakiwatafutia ndugu waliohamia mjini kwa aibu.

Na kila mmoja alikuja na maneno aliyoambiwa na kiwanda. Kuna aliyeambiwa alisinzia. Mwingine alikuwa anacheza na wenzake kazini, ingawa siku hiyo alikuwa zamu peke yake. Mmoja aliambiwa hajawahi kuajiriwa pale hata siku moja, na alipowaonyesha sare yake wakamwambia aliiba. Walisimulia bila kupandisha sauti, wakikunja na kukunjua vidole vya kafuri. Kiuk-moi aliwasikiliza huku anachonga, na fundi Tseng, ambaye sasa alikuwa ameacha kumkosoa jinsi anavyopiga, alikuwa anainuka mara kwa mara kumwongezea mti.

Mkono wa Chin-hin haukutoka.

Mwisho wa kiangazi ulitoka mkono mdogo. Ulikuwa wa kulia, kucha zimetafunwa, na kwenye kidole cha kati kulikuwa na kile kiuvimbe cha mtu anayeandika sana. Ulikaa juu ya rafu siku nyingi, watu wakiupita. Moi-yin aliutazama, akatazama mlangoni, kisha akamwambia Kiuk-moi kwa sauti ya chini kwamba wakati wa likizo kiwanda huchukua wasichana wa shule wapige msasa, na kwamba mmoja alirudishwa kwao milimani kwa basi, amefungwa shuka. Wazazi walihama. Kanuni za kiwanda zinasema hakiajiri watoto, kwa hiyo hakuna mtoto anayeweza kuumia pale.

Kiuk-moi aliuchukua ule mkono akautia mfukoni mwa aproni. Ulitafuta kidole chake ukakishika. Akavua aproni, akaivaa tena, akatoka kwenda kwa mzee Liong, akamwambia awaite wote.

Walikwenda asubuhi, wamevaa nguo za sikukuu. Meneja Fan aliwapokea vizuri kuliko walivyotegemea. Ni mtu mnene, mpole, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu. Alimimina chai mwenyewe. Mzee Liong alieleza walichotaka, na hakikuwa kingi. Kinga ya chuma irudishwe kwenye msumeno, na kiwanda kiseme ukweli kuhusu kila mkono, kwa sauti, watu wasikie. Meneja Fan alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akapita kwenye viti, akampa kila mmoja mkono, akiubinya ule wa mti, akiugeuza, akiunusa.

"Kazi safi sana," alimwambia Kiuk-moi. "Na unasema umeanza mwaka huu huu, dada?"

Aliketi akawaeleza, taratibu, kama mtu anayewaletea habari njema. Mtu mwenye mikono miwili si mlemavu. Kwa hiyo posho zao zingesimama mwisho wa mwezi. Lakini wasiwe na wasiwasi, kiwanda hakiwatupi watu wake, nafasi zao zipo na wanaweza kuanza hata kesho. Kuhusu maneno ya zamani, nani alilewa na nani alisinzia, haoni faida ya kuyafukua wakati kila mtu amepata alichokuwa amekosa.

"Na kinga?" aliuliza Kiuk-moi.

"Hebu fikiri, dada. Mkono wa mti hauna maumivu. Kinga ilikuwa na maana zamani."

Kiuk-moi akatoa mfukoni ule mkono mdogo akauweka mezani kati ya vikombe. Kisha ukaanza kugonga meza kwa kidole kimoja, polepole. Meneja Fan aliutazama akasema ni pambo zuri, na kwamba kuna mteja wa Japani angependa vitu vidogo kama hivyo, kama Kiuk-moi angeweza kumtengenezea boksi zima. Wale wanaume walitazama chai yao. Kiuk-moi aliurudisha mkono mfukoni. Walipofika relini mzee Liong akasema kwamba mwisho wa mwezi si mbali.

Walirudi kazini. Wangefanya nini? Posho zilisimama kama walivyoambiwa, na karo na dawa havikusimama. Mzee Liong, ambaye alikuwa ameshaanza kuzoea nguruwe wake, alirudi kwenye msumeno ule ule na mkono wake wa kafuri, na jioni alikuwa anarudi amejaa vumbi la mbao, akinuka kafuri sawasawa mwili mzima.

Mkono wa Chin-hin ulitoka wakati wa baridi, mvua nyembamba inanyesha. Kiuk-moi aliujua kabla hajaumaliza. Aliujua kwa ile namna kidole cha mwisho kinavyojitenga na wenzake, kama kinataka kukaa peke yake. Miezi yote alikuwa ameuombea, na sasa alikaa nao mapajani akiutazama, akitamani ungekuwa wa mtu mwingine yeyote. Aliupeleka nyumbani chini ya koti akauficha kwenye mtungi wa majani ya haradali yaliyotiwa chumvi, akauwekea jiwe juu.

Siku ya tatu, wakiwa wanakula, mtungi uligonga. Chin-hin aliacha vijiti.

"Ni wangu?"

Kiuk-moi alimwongezea mchuzi.

"Nakuuliza, mama. Ni wangu?"

"Nikikupa watakuja kukuchukua."

"Najua."

"Kinga hawajarudisha. Nimeuliza jana. Nauliza kila siku."

"Najua hilo pia." Chin-hin alitazama suruali yake, ambayo asubuhi ile, kama kila asubuhi, mkewe ndiye aliyeifunga. "Nipe mkono wangu."

Alimpa. Ulikuwa umeloa na unanuka haradali. Chin-hin aliuvaa, akakaa akiufungua na kuufumba kwa muda mrefu, kisha akaanza kuokota punje za wali zilizomwagika mezani, moja moja, mpaka meza ikawa safi. Juma lile alitengeneza banda la kuku. Alimchana mkewe nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Mbu hawakusogea kitandani kwa sababu ya kafuri. Kiuk-moi aliyaona yote hayo, akafurahi, na furaha yenyewe ikamtia hasira zaidi, maana alijua ni ya muda. Gari la kiwanda lilikuja Jumatatu.

Msumeno uliuchukua ule mkono tena kabla ya mwaka mpya. Chin-hin alirudi nyumbani kwa miguu, bila damu, akiwa amechoka tu. Nyuma yake alikuja msimamizi na kipande cha kafuri kwapani. Alikitua mlangoni, akaomba kwa adabu kwamba mama afanye haraka kidogo, kwani kuna shehena ya kabati inasubiri.

Kiuk-moi alichukua shoka la kuni. Alikipiga kile kipande kama fundi Tseng alivyomkataza kupiga, kwa mikono miwili na pumzi yote, na kila kibanzi kilichoruka kilianguka uani kikiwa na umbo la kidole. Aliendelea mpaka hapakuwa na cha kupasua. Vidole vilitambaa kati ya kuku. Msimamizi alisubiri amalize, akasema ataleta kingine kesho, akamtakia jioni njema. Chin-hin aliinama akaviokota vile vidole kwa mkono wake wa kushoto, akavitia kwenye kikapu.

"Vyote hivi ni vya nani?" aliuliza.

"Sijui," alisema Kiuk-moi. "Labda vya wale ambao bado."

Kesho yake alimchongea mumewe mkono mwingine.

Alikwenda kwa diwani. Diwani alimsifu kwa kuinua sanaa ya Sanyi, akapiga naye picha. Alikwenda mjini, ofisi ya kazi, akiwa na ule mkono mdogo mfukoni. Karani aliuacha umshike kidole, akasema ana binti wa umri huo, kisha akamweleza kwamba bila mwenye mkono hakuna mlalamikaji. Aliporudi, fundi Tseng alimpa patasi zake za kuchongea miungu, zile zenye mipini ya mpera iliyong'aa kwa jasho la baba yake, na kumwambia kwamba yeye hana la kumfundisha tena. Hakusema kwa furaha. Siku hizo hakuna aliyemwagiza Tseng Buddha. Kiwanda kilikuwa kinamlipia Kiuk-moi mti wote, na makombo yalikuwa hayaishi.

Masika yaliporudi, kiwanda kilifungua jengo la pili. Misumeno ilikuwa mipya na haikuwa na kinga tangu ilikotengenezwa. Walitafuta watu vijiji vyote vya bonde, na wakawa wanawatuma kwanza kwa Kiuk-moi, kabla ya siku ya kuanza kazi, ili vipimo viwepo.

Asubuhi moja alikuja msichana anayeitwa Sui-hoa, kutoka ng'ambo ya mto, na mfuko wa mapera kama zawadi. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango bila kuambiwa.

"Kiwandani wamesema nije unipime mkono, mama. Wamesema ni jambo dogo."

"Una miaka mingapi?"

"Wamesema niseme kumi na minane."

Kiuk-moi alimwambia kinga haipo. Akamwambia kuhusu mzee Liong, ambaye sasa alikuwa na mikono yote miwili ya mti, na kuhusu Chin-hin. Akatoa mfukoni ule mkono mdogo na kumwonyesha. Msichana alisikiliza kwa heshima yote. Alisema amesikia habari zao, na ndiyo maana mama yake amekubali aende, kwa sababu zamani ilikuwa hatari lakini siku hizi kuna mtu wa kutengeneza. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya ubao, akapanua vidole ili penseli ipite.

Kiuk-moi aliushika. Ulikuwa wa moto. Kiganja kilikuwa na unyevu kidogo, na chini ya gumba mshipa ulikuwa unapiga kwa haraka, kwa kuwa msichana alikuwa amekuja mbio. Penseli ilikuwa sikioni, hakuichukua. Kule chini king'ora cha kiwanda kikalia mara ya kwanza.

"Nitachelewa, mama," alisema Sui-hoa.

Kiuk-moi hakuuachia. Waliokuwa wanasubiri nje, wakiwa na mapera na mayai yao, walianza kuchungulia. King'ora kikalia mara ya pili. Sui-hoa aliinama, na kwa mkono wake wa kushoto akaviinua vidole vya Kiuk-moi kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayejitoa kwa mtoto aliyelala. Akasema asante, atarudi kupimwa wakati wa chakula. Akakimbia, asije akafungiwa geti.